Ziwa Ndani ya Ziwa

Mtoto wa Ujiji aliyepitia madrasa hujua hesabu ya maji mapema kuliko hesabu ya shuleni. Maalimu humfundisha kwamba maji yakifika kiasi cha kulateni hayanajisiki kwa kuingiwa na uchafu. Kulateni ni mitungi miwili mikubwa ya Waarabu wa kale, na wanazuoni wa Kishafii wameikadiria kuwa lita mia mbili na kidogo, pipa moja lililojaa na ndoo moja ya nyongeza. Maji yakiwa pungufu ya hapo, tone moja la najisi linayaharibu yote. Yakizidi, yana nguvu ya kujitetea.

Sasa mtoto huyu akitoka madrasa anashuka mtaani na kukutana na Ziwa Tanganyika. Kilomita 673 kwa urefu. Kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa zaidi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Maji yake ni kilomita za ujazo zipatazo 18,900, karibu asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia bila kuganda. Ukijaribu kuyagawa kwa mapipa ya kulateni, utaishiwa na sufuri kabla hujamaliza. Basi mtoto anakua akiamini, na baba yake anaamini, na aliyejenga choo mita kumi kutoka ukingoni anaamini: hili ziwa halichafuki. Litameza.

Ila kanuni ya maalimu ina mkia ambao wengi huusahau wakishatoka darasani. Maji ya kulateni hayanajisiki, isipokuwa yakibadilika rangi, ladha au harufu.

Nimeuanza hivi mjadala wa maji ya Kigoma kwa sababu mkia huo unafika mahali ambapo takwimu za ukubwa wa ziwa hazifiki. Mji wa Kigoma haukai juu ya kilomita za ujazo 18,900. Unakaa kwenye ghuba. Ukisimama kituo cha reli na kutazama magharibi, unaona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, mbali, ya buluu, na macho yanakudanganya kwamba yote hayo ni yako. Teremsha macho. Kusini rasi ya Bangwe imenyoosha mkono na kulikumbatia pande la maji. Kaskazini kuna Kibirizi na soko lake la dagaa na maboti ya abiria yanayokwenda vijiji vya mwambao. Kati ya hapo na bandari ni kilomita chache tu za maji yaliyotulia. Hilo ndilo ziwa la Kigoma. Ziwa dogo la mjini, lililo ndani ya ziwa kubwa na lililounganishwa nalo kwa mlango, kama chumba kinavyounganishwa na ukumbi.

Ghuba hii haikupata mji kwa bahati. Bandari ya zamani ilikuwa Ujiji. Misafara ya pembe na watumwa ilifikia Ujiji, Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na Stanley akamkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Lakini Ujiji iko wazi, upepo wa kusi ukivuma mawimbi yanapiga ufuko moja kwa moja. Wajerumani walipoileta Reli ya Kati hadi ziwani mwaka 1914, walitaka mahali ambapo meli inaweza kulala bila kupigwa. Wakachagua Kigoma. Humo ndimo walimoiunganisha Graf von Götzen, meli iliyotengenezwa Papenburg na kuletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito. Mafuta yale yaliilinda vizuri hata Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba.

Yaani ghuba ilichaguliwa kwa sababu inazuia mawimbi. Na mahali panapozuia mawimbi yasiingie ndipo panapozuia uchafu usitoke. Sifa moja imezaa bandari na imezaa tatizo.

Uchafu wenyewe hauna siri yoyote, ukitembea mjini siku ya mvua utauona ukipita miguuni. Kigoma imejengwa kwenye miteremko. Kutoka Mwanga na mitaa ya juu maji ya mvua hushuka kwa makorongo, mekundu kama chai ya rangi iliyokolea, yakibeba udongo wa mashamba na wa viwanja vipya, majivu ya jikoni, mifuko, mafuta ya gereji na yaliyomo katika vyoo vya shimo vilivyofurika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 215,000 katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na tangu hapo hawajapungua. Sehemu kubwa yao hutumia vyoo vya shimo. Kwa miaka mingi mji haukuwa kwenye gridi ya Taifa na umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nayo dizeli popote inapopakuliwa, kuhifadhiwa na kuchomwa huacha alama yake. Ongeza boti, ongeza sabuni ya kufulia ufukoni, ongeza utumbo wa samaki. Hakuna hata kimoja hapo kinachotisha kikiwa peke yake.

Kwa nini basi samaki wadhurike?

Ili kujibu inabidi kwanza kuelewa ziwa kubwa linavyoishi, maana linaishi kwa njia ya ajabu. Tunajivunia kina cha mita 1,470, lakini viumbe wenye kuvuta hewa hawawezi kuishi nje ya tabaka la juu. Upande wa kaskazini oksijeni inakwisha kwenye mita 100 hivi, kusini inafika mita 200 na kitu. Chini ya hapo ni giza, maji yasiyo na hewa, yenye gesi inayonuka kama yai viza. Hakuna dagaa, hakuna konokono, hakuna kaa, ni bakteria tu. Kwa hiyo lile jabali la maji tunalolisifu ni kama mkate ambao sehemu ya kuliwa ni ganda la juu peke yake.

Na chini huko ndiko kilikolala chakula. Kila kinachokufa juu huzama, na fosforasi na nitrojeni yake hubaki kule kwenye maji mazito ya baridi. Maji ya juu yakabaki maskini wa rutuba, na kwa sababu ni maskini yana mwani mchache, na kwa sababu yana mwani mchache ni maangavu. Wataalamu hupima uangavu huu kwa kifaa ambacho hata seremala wa mtaani angekitengeneza: sahani ya duara, nyeupe au yenye robo nyeusi na nyeupe, imefungwa kamba yenye alama. Unaishusha majini polepole mpaka isionekane, unasoma alama. Katikati ya Tanganyika sahani hiyo huweza kwenda zaidi ya mita kumi ukiwa bado unaiona, na siku nzuri karibu mita ishirini. Wachache kati ya wanaoishi kando ya maziwa ya Afrika wana maji kama hayo.

Kinachokipandisha chakula hicho juu ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, upande wa Zambia, maji ya chini hupata nafasi ya kupanda na rutuba yake. Upepo ukilegea, ziwa zima huanza kuyumba, kama karai la maji lililo kichwani mwa mtu aliyesimama ghafla, ila hapa kwenda na kurudi kunachukua wiki kadhaa. Kila mawimbi hayo ya chini kwa chini yanapopanda, mwani hushamiri, vidudu vidogo hula mwani, dagaa hula vidudu, migebuka hula dagaa. Mvuvi wa Kibirizi hana kifaa cha kuyaona mawimbi hayo, lakini hujua kwamba kuna giza ambalo dagaa hufurika na giza ambalo hurudi na karai tupu. Giza, kwa msomaji wa bara, ni zile siku za mwezi kutoonekana, ambapo taa za wavuvi huwavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika na kushona nyavu.

Sasa rudi ghubani na fikiria. Hapa kuna viumbe waliozoea maji maskini na maangavu kwa mamilioni ya miaka, maana ziwa lenyewe lina umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Juu yao inamwagwa mbolea ya mji mzima. Mwani unaongezeka, maji yanapoteza uangavu, sahani inatoweka mapema. Kikombe cha rutuba ambacho katika Ziwa Viktoria kisingeonekana, hapa kinaonekana, kwa sababu maji haya hayakuwahi kushiba. Ndiyo maana nasema ziwa kubwa linalala na njaa na ziwa dogo linavimbiwa, ingawa ni maji yale yale na mlango uko wazi kati yao.

Waathirika wa kwanza ni samaki ambao watu wengi wa Kigoma hata hawawatilii maanani, kwa sababu hawajai sufuria. Ni wale wadogo wa mawe, ndugu wa sato na ngege. Tanganyika ina aina zipatazo 240 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Humo yumo kuhe, mmoja wa wakubwa kabisa wa jamii yake, anayeuzwa kwa kilo na kuliwa kwa mawese. Wamo pia wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, baba mwenye nyumba akiwa mkubwa na wake zake wadogo wa kuingia mlangoni. Wamo wanaotamia mayai mdomoni mpaka watoto waweze kujitegemea, mama akiwa karibu hali chochote muda huo.

Mtazame mmoja tu, yule anayeitwa kisayansi Tropheus. Kazi yake ni kukwangua mwani mwembamba uliogandamana na mwamba. Ana eneo lake, analilinda kwa ukali wa mwenye shamba, na hapendi kuvuka mchanga mpana. Kwa sababu hiyo kila rasi na kila kipande cha mawe kimekuza rangi zake: hapa mweusi mwenye mshipi wa njano, kilomita chache mbele mwekundu, mbele tena wa kijani. Wapenzi wa samaki wa mapambo Ulaya, Marekani na Japani humjua kwa majina ya vijiji vyetu. Yuko mtu Ujerumani anayeweza kukutajia rasi za mkoa wa Kigoma kwa mpangilio kutoka kaskazini hadi kusini, hajawahi kupanda hata treni ya Dodoma. Sijui kama hilo ni la kufurahia au la kusikitikia.

Kumwondoa samaki wa namna hii hakuhitaji sumu. Udongo unatosha. Korongo moja likimwaga tope juu ya mawe yake msimu mmoja, mwani anaokula unafunikwa, na kila anapokwangua anajaza tumbo mchanga. Matundu kati ya mawe, ambamo watoto hujificha, yanazibwa. Kuhamia mwamba wa pili hawezi. Mwaka 1993 Andrew Cohen, mwanajiolojia wa Marekani aliyelisoma ziwa hili maisha yake yote ya kazi, alichapisha na wenzake matokeo kutoka sehemu ya kaskazini ya ziwa: palipopokea tope jingi kutoka milima iliyokatwa miti, aina za samaki na za wadudu wadogo wenye magamba zilikuwa chache kuliko palipobaki safi. Baadaye watafiti wa Uingereza na Tanzania walipiga mbizi kando ya mwambao wetu kuhesabu samaki wa mawe, wakakuta mbele ya hifadhi kama Mahale aina nyingi kuliko mbele ya mji wa Kigoma. Mahale ilitangazwa hifadhi mwaka 1985 na watu huijua kwa sokwe. Gombe pia, tangu 1968. Miti iliyohifadhiwa kwa ajili ya sokwe imekuwa ikiwalinda samaki bila kutajwa kwenye bango lolote la watalii. Kinachofanana na hilo kwa upande wa vijiji ni mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall, wa kurudisha miti kwenye milima ya mkoa. Mche unaopandwa mlimani unaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya uvuvi, ingawa bwana misitu na bwana samaki hawakai ofisi moja.

Rangi ya maji ina kazi nyingine pia, na ushahidi wake mzuri zaidi unatoka Mwanza. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake waliandika katika jarida la Science kuhusu furu wa Ziwa Viktoria, wale wadogo wenye rangi. Jike huchagua dume kwa rangi: wa buluu kwa wa buluu, wekundu kwa wekundu. Maji yalipotiwa ukungu na rutuba ya mashamba na miji, jike akawa haoni vizuri. Aina zilizokuwa mbali zikaanza kuchanganyika na kuwa moja ya kijivu. Hakuna aliyevuliwa wala aliyekufa, ila aina zilipotea. Naona kisa hiki kinatisha kuliko kile cha sangara kuwala furu, ambacho sote tunakijua.

Mtu wa vitendo ataniuliza: samaki wa mawe wananihusu nini, mimi nakula dagaa? Dagaa yuko ziwa kubwa, mbali na makorongo yako.

Yuko huko akishakuwa mkubwa. Lakini ziwa hili lina dagaa wa aina mbili, mmoja mwembamba wa maji ya katikati na mwingine mnene kidogo ambaye Kigoma huitwa lumbu. Wote wawili, wakiwa wadogo kabisa, husogea kandokando ya nchi na ghubani, humo hulelewa mpaka wawe na nguvu ya kwenda kilindini. Kwa hiyo ghuba ndiyo chumba cha watoto. Ndiyo sababu kokoro limepigwa marufuku, maana linakomba chumba hicho. Tope na maji machafu havina leseni wala haviitwi mahakamani, vinaingia chumba hicho hicho. Wachuuzi wa Dar es Salaam wanaouza dagaa wa Kigoma kwa bei ya juu kuliko wa Mwanza wanauza, bila kujua, usafi wa kingo hizi.

Lipo jambo moja zaidi linalofanya hesabu za Kigoma zisifanane na za Mwanza. Maji yanayoingia Tanganyika hayana haraka ya kutoka. Sehemu kubwa huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga ulioko Kongo, karibu na Kalemie. Wataalamu wanakadiria kwamba tone likiingia ziwani hukaa wastani wa miaka 440. Ziwa Viktoria, kwa kulinganisha, ni takriban miaka 23. Na tone likivukizwa linaacha nyuma kila lilichokuja nacho. Mafuta yaliyomwagika enzi za Graf von Götzen, sehemu yake ambayo vijidudu havikuila, kwa hesabu hiyo bado hayajaondoka.

Lukuga huyo ana kisa ambacho Ujiji wanapaswa kukijua kuliko wanavyokijua. Msafiri Mwingereza Cameron alifika mdomoni mwake mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, wakakuta umezibwa na tope na mafunjo, na ziwa lilikuwa likipanda. Mwaka 1878 kizibo kikapasuka. Edward Hore, mmisionari na baharia aliyekuwa akiishi Ujiji, aliyaona maji yakirudi nyuma ufukoni, mwaka hata mwaka. Kwa miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Ufuko mpana ambao kizazi baada ya kizazi watu wa Ujiji walijengea nyumba, wakapanda michikichi na kuchimba vyoo, ulikuwa sakafu ya ziwa wakati Livingstone akiandika barua zake.

Kuanzia mwaka 2020 mvua kubwa zilikuja mfululizo, na ziwa likaanza kupanda tena. Likapanda 2021, likapanda tena 2024. Bujumbura mitaa ilizama, Uvira na Kalemie vivyo hivyo, na kwetu Ujiji, Katonga na Kibirizi watu walihama nyumba ambazo maji yaliingia mlangoni. Habari zilihusu nyumba na bandari. Mimi nilifikiria vyoo. Shimo lililochimbwa kwenye mchanga mkavu mwaka 2005 sasa liko chini ya maji, na ziwa halikuhitaji korongo lolote kulifikia. Wazee wa Ujiji wana msemo wa kimyakimya kuhusu hilo, kwamba ziwa limerudi kwake. Ndiyo, limerudi, na limekuta wageni wameacha vitu.

Kipindupindu hakiko mbali na mazungumzo haya. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa karibu na mpaka. Hapakuwa na vyoo vya kuwatosha, na maji ya kunywa yalikuwa ziwa lililo mbele yao. Kabla Liemba na maboti hayajamaliza kuwahamishia Kigoma, ambako walipokelewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kipindupindu kiliua watu wapatao 30. Walikunywa kutoka kwenye hifadhi mojawapo kubwa kabisa za maji baridi duniani. Ukubwa haukuwasaidia, kwa sababu hakuna anayekunywa ziwa. Mtu anakunywa pale alipotumbukiza ndoo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu, na sote pale ukingoni ni chungu.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba ziwa kubwa lenyewe halina lake. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto na pepo zimelegea, hivyo rutuba ya chini haipandi kama zamani. Walikadiria uzalishaji wa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba kupungua huko kungeweza kushusha mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walisoma tope la sakafu ya ziwa, ambamo mifupa na magamba hujipanga kwa miaka kama kurasa, wakaona samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza, na kwamba tangu 1946 sehemu ya sakafu yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38. Ganda la mkate linazidi kuwa jembamba. Wavuvi wameongezeka, taa zimekuwa kali, joto limepanda. Ubishi wa nani mwenye kosa kubwa zaidi naachia wengine. Nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa ziwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka ya pamoja ina makao Bujumbura. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 uvuvi ulifungwa ili samaki wapumzike. Ufungaji huo ni wa kilindini na wa nyavu. Makorongo ya Mwanga hayakufungwa, kwa sababu Mei yanakuwa yamekwisha kumwaga ya mwaka huo.

Nilikuwa Kibirizi asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mvua ikiwa imenyesha usiku. Ukingoni maji yalikuwa na rangi ya udongo, na mstari wa povu na maganda ya miwa. Karibu na vichanja vya dagaa mama mmoja alikuwa amewasha moto chini ya sufuria, akisubiri maji ya kupikia. Kijana akarudi na ndoo.

"Mwanangu, umechota wapi?"

"Hapo mbele, mama. Nyuma ya maboti."

Aliinamia ndoo, akaichungulia, akachovya kiganja na kunusa. Hakuonja.

"Haya ni ya kunawia. Chukua mtumbwi wa baba yako, nenda mpaka uyaone mawe chini, ndipo uchote."

Kijana alilalamika kidogo, akamwaga ndoo mchangani na kuondoka. Nilimfuata kwa macho. Alipita maboti, akapita boya la kwanza, akapita mahali ambapo rangi ya maji inabadilika, akazidi kwenda, kila mara akiacha kupiga kasia na kuinama ukingoni mwa mtumbwi kutazama chini. Sufuria ilichemka maji yaliyobaki ya jana, mama akaipunguzia moto.